Siku Ng'ombe Walipokuwa Wetu

Ninyi vijana mtakaosoma haya, na hasa ninyi wasichana mnaoambiwa kila siku kwamba mdomo wa msichana ni wa kuimba harusini na kulia msibani, sogeeni karibu. Nina neno. Refu si sana, na fupi si fupi, maana neno fupi ni la kumfukuzia kuku.

Nasikia watu wanasema mabinti wa siku hizi, hawa wanaosimama mikutanoni kusema habari za amani na umaskini, wamefundishwa na redio. Wengine wanasema wamefundishwa na wageni. Mimi nasema hapana. Mdomo huo niliuona kwa macho yangu kabla kijijini kwetu hakujafika redio hata moja. Ilikuwa wakati Mwingereza anatutawala, na sisi tukimjua kwa mambo mawili tu: kodi, na Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliyepita kila kiangazi na gari lake, akatuuliza habari za mvua kana kwamba sisi ndio tuliozificha.

Ipo siku moja ya wakati huo, mwanangu, ambayo mpaka leo nikifumba macho naiona na vumbi lake.

Kwetu ni magharibi ya Dodoma, kwenye nyumba za tembe na miiba mingi. Kati yetu na kijiji cha ng'ambo ulipita mto wa mchanga. Watu wa ng'ambo walikuwa wenzetu, lugha moja, mila moja, tukioana nao tangu zamani. Mto wenyewe ulikuwa na maji siku chache tu za masika. Kiangazi tulichimba mchanga mpaka maji yakaonekana, vijana wakajipanga shimoni wakipitishiana kata mpaka kwenye hori la udongo, ng'ombe wakanywa. Kila zizi lilikuwa na zamu yake.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Uwele ulikauka haujafika kiunoni. Maji mchangani yakashuka, zamu zikagongana, na ng'ombe wenye kiu hawajui zamu. Siku moja vijana wetu na vijana wa ng'ambo wakagombana pale shimoni, maneno yakaisha, yakabaki marungu. Kijana wetu mmoja, Masima, akavunjwa mkono.

Wangekaa wazee wa pande mbili wakalisema jambo hilo, lingekwisha kwa pombe na mtamba mmoja wa fidia. Lakini njaa ina tabia ya kuwaondolea watu subira. Vijana wetu hawakungoja. Walivuka mto mchana kweupe, wakawakuta watoto wanachunga, wakaswaga kundi la ng'ombe mpaka kwetu. "Ni wa mkono wa Masima," walisema. Watu wa ng'ambo wakatuma neno: warudisheni, la sivyo tutakuja kuwachukua wenyewe.

Basi mhunzi wa kijiji akapata kazi. Ila chuma hakikuwapo. Wanaume wakaanza kutoa majembe nyumbani, moja baada ya jingine, yakaenda kwa mhunzi majembe, yakarudi mikuki. Niliona jembe la mama yangu linakwenda. Mama alilitazama tu kama unavyomtazama mtoto anayekwenda safari usiyoiamini.

Masima alikuwa na dada yake aitwaye Sechelela. Alinizidi umri kidogo, msichana mrefu, mkavu, sauti yake nzito. Alikuwa amekwisha kuposwa. Na dada yao mkubwa, Mbumi, alikuwa ameolewa huko huko ng'ambo, amejifungua mtoto wa kwanza miezi ile ile. Kwa hiyo fahamuni vizuri jambo lililomkaa Sechelela kooni: mikuki ile ikivuka mto, kaka yake atakwenda kumchoma shemeji yake, au shemeji atamchoma kaka. Upande wowote utakaoshinda, nyumba yao ndiyo itakayozika.

Akaenda kwenye kikao cha wazee. Alipiga magoti pembeni kama adabu inavyotaka, akaomba kusema. Baba yake mwenyewe, mzee Chidawali, akamkata kabla hajafika popote.

"Una ng'ombe wewe?"

"Sina, baba."

"Basi neno la ng'ombe umelitoa wapi?"

Wazee wakacheka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, mwanangu. Ng'ombe walikuwa wa wanaume, na asiye na ng'ombe hakuwa na neno juu ya ng'ombe. Kwa kuwa karibu kila kitu chetu kilikuwa ng'ombe, mahari ni ng'ombe, kesi ni ng'ombe, vita ni ng'ombe, ukitazama vizuri utaona mwanamke alibakiwa na neno juu ya mboga tu. Sechelela akainuka akaenda zake. Nilidhani amekata tamaa. Sikumjua.

Tena ndama wetu walikuwa wameanza kufa. Walitokwa na mate, wakayumba, wakalala. Mganga akaitwa, akasema upepo mbaya umeingia zizini, lazima wanawake wautoe.

Hapa nisimame kidogo, maana ninyi wa leo mila hii hamkuiona. Kwetu, maradhi yakiingia kwenye mifugo, ipo siku moja ambayo dunia inapinduliwa. Wanawake wanavaa shuka za wanaume, wanashika fimbo na mikuki, wanafungua zizi na kuchunga wao. Wanaume wanabaki nyumbani na kinu na watoto. Siku hiyo mwanamke ndiye mwenye ng'ombe, na mwanamume akimgusa au akimzuia njiani, upepo mbaya unamwingia yeye na zizi lake. Wanawake wanalifagia zizi kwa matawi mabichi, wanayabeba mpaka mpakani, wanayatupa, wanarudi bila kugeuka nyuma. Na kilichotolewa zizini na kuachwa mpakani siku hiyo hakirudishwi. Anayekirudisha anarudisha maradhi.

Aliyewaongoza wanawake alikuwa bibi yangu, Bibi Matika, mwanamke aliyeogopwa hata na mbwa. Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuwa anasaga uwele kidogo uliobaki, mimi nampepetea. Sechelela akaingia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kama umekuja kuomba unga, unauona mwenyewe ulivyo."

"Sikuja kuomba unga. Bibi, kesho ng'ombe ni wa nani?"

"Wetu. Mpaka jua litue."

"Wote?"

"Wote waliomo zizini."

"Na wa ng'ambo, si wamo zizini?"

Jiwe la kusagia likasimama. Bibi akasema kwa ukali, "Mimi mambo ya mizimu sichezi nayo, mjukuu wangu. Mila si mtego wa kunasia kware. Ukitaka ujanja, nenda kwa sungura."

Sechelela hakushtuka. Akauliza kwa heshima, "Ndama wameanza kufa lini, Bibi?"

Mimi, kwa utoto wangu, nikajibu: "Tangu wale ng'ombe waingie."

"Nani amekuuliza wewe?" Bibi akanifokea. Lakini alikuwa amekwisha kusikia. Kila mtu kijijini alijua ni tangu lini, ila hakuna aliyelisema, maana kulisema ni kusema kwamba wanaume wameleta maradhi kwa mikono yao. Bibi akashika jiwe lake akasaga tena, akasaga sana, kisha akasema bila kuinua kichwa: "Kilichoingia bila maneno ni upepo mbaya, hilo kweli. Nitatangulia mimi. Lakini kusema utasema wewe. Nikisema mimi, watasema huyu bibi kazeeka. Ukisema wewe, watakosa la kusingizia."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Mimi niliona ufa ukizibwa kwenye unga wa kiganja kimoja.

Asubuhi tukatoka. Nilivaa shuka ya kaka yangu, nyekundu kwa udongo, ikinidondoka kila hatua. Nyumba kwa nyumba tulikopita wanaume walikuwa wamekaa vizingitini, na sisi, kama mila inavyotaka, hatukuwahurumia.

"Binti Chidawali!" mama mmoja alimwita baba yake Sechelela. "Umeshatwanga?"

"Natwanga, mabwana," mzee akajibu kwa unyonge, ameshika mchi kama anayeshika nyoka.

"Mbona uwele wote uko chini? Mume wako akirudi utamwambia nini?"

"Nitamwambia kuku wamekula!"

Tukacheka, na yeye akacheka. Lakini kicheko kilikatika zizi lilipofunguliwa. Bibi Matika aliwatenga wale ng'ombe wa ng'ambo, akawaweka mbele, kisha akazikusanya kamba walizofungiwa, akazibeba begani pamoja na matawi. Hapo wanaume wakafahamu.

Masima akaja mbio, mkono wake umefungwa kwa vijiti, akasimama njiani. "Dada! Hao ni wa mkono wangu!"

"Mkono wako utaunga," Sechelela akamwambia. "Mtoto wa Mbumi akichomwa mkuki, naye ataunga?"

Kumgusa Masima hakuweza. Alisimama pale, kijana wa watu, mpaka ng'ombe wa kwanza akampita akimsukuma kwa bega. Akasogea.

Mzee Chidawali naye alikuwa amefika, mchi bado mkononi. "Sechelela! Neno la ng'ombe nani kakupa?"

"Leo, baba? Mmenipa ninyi wenyewe."

Sijapata kuona uso wa mwanamume ukibeba mambo mawili kwa pamoja kama ule. Hasira ilikuwapo. Na nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine, kama cha mtu aliyegundua fahali mzuri katika kundi alilodhani ni la mbuzi. Akasogea pia.

Tukashuka kuelekea mtoni. Sasa sikilizeni jambo ambalo hatukulifikiria, hata Sechelela na akili zake. Tulikuwa tumevaa shuka za wanaume. Tumeshika mikuki. Nyuma yetu vumbi la ng'ombe. Watu wa ng'ambo walikuwa wanangoja vita, na kwa mbali walichokiona ni vita. Tulipoufikia mchanga wakatokea ukingoni upande wa pili, safu nzima, mikuki juu. Mmoja alikwisha kuvuta mkono nyuma kurusha.

Wenzangu wengine walianza kurudi. Mmoja wetu, kwa woga uliogeuka ujeuri, akaanza kuwatukania mama zao. Bibi Matika akamchapa mdomoni kwa tawi, papo hapo: "Amani haibebwi na matusi! Unaharibu mzigo!"

Ni Sechelela aliyepiga kigelegele. Peke yake kwanza, na sauti yake ile nzito, kilikuwa kibaya, kama fisi mwenye mafua. Kisha sisi sote tukapokea, na mwenzetu aliyebeba ngoma akaibana mapajani akaipiga. Mwanamume hapigi kigelegele, mwanangu. Ng'ambo waliposikia, mkono ule ukashuka. Nikasikia mtu anasema, "Ni wanawake. Wanatoa upepo. Ondokeni njiani." Mila yao ni yetu, walijua adhabu ya kutuzuia. Safu ikafunguka.

Lakini mzee mmoja wa kwao hakuridhika. "Mnatuletea maradhi yenu?" aliuliza kwa sauti.

Sechelela akauchoma mkuki wake mchangani, akasimama katikati ya mto, mahali pasipo pa mtu. Alisema hivi, na nimeyashika maneno yake kama nilivyoishika dini yangu baadaye:

"Shikamoo, baba. Ng'ombe wenu ni wazima, watazameni pua. Tulioumwa ni sisi tuliowachukua bila maneno. Upepo wetu tutautupa hapa mchangani, maji ya masika yatauchukua, kwenu hauji. Ng'ombe wanarudi kwa mwenyewe. Ila nina neno moja. Nyumbani kwetu majembe karibu yote yamekwenda kwa mhunzi, yamekuwa mikuki. Nanyi nawaona, mikuki yenu mipya inang'aa. Kesho mwende mkawaulize wake zenu majembe yako wapi. Mvua ikija tutalima kwa kucha? Mkituua, njaa itawaua. Tukiwaua, njaa itatuua. Sasa mniambie, katika vita hii anayeshinda ni nani isipokuwa njaa?"

Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuinusa njia ya zizi lao, wa mbele wanapanda ukingo bila kuswagwa. Kisha akatoka mwanamke kwa nyuma ya wanaume wa ng'ambo, mtoto mgongoni. Alikuwa Mbumi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akashuka mchangani, nyuma yake wakashuka wanawake wengine wa kule, wakaja wakawapokea ng'ombe kutoka mikononi mwetu. Dada na dada hawakukumbatiana, siku ya mila hairuhusu. Walitazamana tu. Mtoto alikuwa amelala.

Bibi akatupa kamba na matawi. Tukarudi, na hakuna aliyegeuza shingo.

Sitawadanganya, maana uongo wa mzee ni mbaya kuliko wa mtoto. Ndama wetu wengine waliendelea kufa baada ya hapo. Mvua haikuja kwa heshima ya mtu. Njaa ilikuja, tukala majani na mizizi, na tulizika. Lakini vita haikuja. Wanaume wetu hawakuthubutu kuwarudisha kwetu ng'ombe waliotolewa siku ya wanawake, na wazee wa pande mbili, kwa kuwa hawakuwa na la kupigania tena, ikabidi wakae. Zamu za maji zikapangwa upya, mkono wa Masima ukalipwa mtamba wake. Majembe yaliyobaki yakabaki majembe. Njaa ilitukuta tumekonda, lakini ilitukuta na cha kulimia, na mvua za mwaka uliofuata hazikutukuta mikono mitupu.

Bwana Shauri alipokuja kiangazi kingine, aliambiwa hakuna kesi huku, akampongeza jumbe, mkubwa wa kijiji, kwa kutunza amani. Jumbe akapokea pongezi. Jina la Sechelela halikutajwa. Nilikasirika mimi kuliko yeye.

Naye alilipia. Waliomposa walirudi nyuma, wakasema msichana mwenye neno la ng'ombe atakuja kuwa na neno la kila kitu. Alikaa muda bila posa, wenzake tukiolewa. Nilimwuliza kama anajuta. Akanijibu, "Mwanamume anayeniogopa kwa neno la kweli, ataniogopa hata nikimwambia chumvi imezidi. Bora abaki huko nje." Akaja kuolewa na mtu aliyecheka aliposikia jibu hilo, wakazaa, wakalima pamoja. Na baba yake, mzee Chidawali, tangu siku ile kikao kikikaa alimwita binti yake akae nyuma yake. Kusema hakumruhusu mbele za watu, ila alikuwa akigeuka na kumsikiliza kwanza, ndipo anasema yeye. Kwa wakati ule, hiyo haikuwa haba.

Sasa nasaha yangu, niwape bila mapambo. Binti, ukiwa na neno la amani, liseme. Usingoje mpaka wakupe ng'ombe, ukingoja utazeeka unapepeta. Lakini ijue nyumba unayosemea. Sechelela hakuvunja mlango. Aliujua mlango wa mila ulio wazi siku moja tu, akapita humo, na kila aliyetaka kumzuia alizuiwa na mila yake mwenyewe. Usiseme amani kwa matusi, utaharibu mzigo. Na usitenganishe amani na njaa. Wapo wanaozihubiri mbali mbali, amani Jumapili na umaskini Jumatatu. Mimi nimeona jembe likiwa mkuki, najua ni chuma kimoja. Nawe kijana wa kiume unayesoma, ukimwona dada yako amesimama njiani kwa neno la haki, sogea. Hutapungukiwa kitu. Masima alisogea, na alikufa mzee sana, ana wajukuu.

Mungu awape mabinti zangu sauti nzito, na mioyo isiyoogopa kuwa na kigelegele kibaya. Awape mvua kwa wakati wake na wazee wenye masikio. Mikono yenu isikose cha kulimia, na vinywa vyenu visikose la kusema.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kwangu wiki hii. Mjukuu wangu Neema ameitwa Dodoma mjini, kwenye mkutano wa wasichana, akaseme habari za wakulima na wafugaji wanaouana kwa ajili ya malisho. Baba yake, ambaye ni mwanangu wa kumzaa, akasema binti hana la kusema mbele za watu wazima, na tena maji ya nyumba hii nani atateka, na chakula nani atapika. Nilimwacha amalize. Kisha nikawaita wote uani, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Kesho Neema hashiki ndoo wala mwiko. Ninyi wanaume wa nyumba hii ndio mtakaoteka, na ndio mtakaopika. Baba yake atamsindikiza mpaka mlango wa mkutano, ataingia naye, atakaa nyuma yake, na atanyamaza."